Nilivyoupiga Plasta Ukuta wa Mkunga

Siku yangu ya kwanza katika nyumba ya makumbusho nilifika na mwiko wa uashi mfukoni, nikapewa ufagio. Nilikuwa nimestaafu miezi miwili tu kutoka Wizara ya Ujenzi, nilikoanza kama fundi mwashi na kumaliza kama msimamizi wa mafundi, na nilidhani watu wa kwetu wangenipokea kwa chai na kiti. Aliyenipokea ni mwanamke mwembamba aliyejifunga leso kiunoni, jina lake Wairimu. Alinitazama kuanzia kofia hadi viatu nilivyokuwa nimeving'arisha asubuhi ile.

"Fundi, hapa viatu unaacha nje," akasema. "Hii sakafu ni ya udongo, haipendi soli."

Akanipa ufagio, akarudi ndani kuendelea na kazi yake. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya kujitolea, nikiwa nimevaa soksi.

Nyumba hiyo iko juu ya kilima kimoja kati ya mji wa Nyeri na Kiganjo, na mtu asiyejua angeipita akidhani ni stoo ya viazi. Ina vyumba viwili, kuta za fito na udongo, paa la mabati, na nguzo za mutamaiyo, mti mgumu ambao mchwa wa kwetu wameukatia tamaa. Aliyeijenga alikuwa mkunga aliyeitwa Cucu Wangechi. Cucu ni nyanya kwa lugha yetu, na alikuwa nyanya wa wengi, maana kabla ya zahanati kufika kilimani, karibu kila mtu alivutia pumzi yake ya kwanza katika chumba cha ndani cha nyumba ile.

Kwetu mtoto akizaliwa wanawake hupiga vigelegele, vitano kwa mvulana na vitatu kwa msichana, ili walio mashambani wajue ni nani amefika. Vijana husikia hesabu hiyo na kukunja uso, na sitawalaumu. Cucu Wangechi hakujua kuandika, lakini hakutaka vigelegele viishie hewani. Kila alipozalisha, alichukua bonge la udongo mbichi, akalitandaza kwa kiganja kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha ndani, akalibonyeza kwa ncha ya kidole mara tano au mara tatu. Alipofariki, ukuta ule ulikuwa umejaa vitobo kuanzia usawa wa sakafu hadi begani. Mama walikuwa wamewaonyesha watoto wao: wewe uko hapa, karibu na dirisha, chini ya ndugu yako. Ndiyo maana watu wa kilima walikataa nyumba ibomolewe, wakaunda kamati na kuifanya makumbusho.

Kamati iliongozwa na Mwenyekiti, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi na bado aliongea kana kwamba kuna mtoto anayepiga kelele nyuma. Katibu alikuwa karani mstaafu wa kanisa, mama mwenye mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuona. Hatukulipwa, na hatukutarajia kulipwa. Tuliitana kwa vyeo, kwa kuwa mtu anayefanya kazi ya bure anahitaji angalau jina la kushikilia.

Mimi nilipandishwa polepole. Kutoka kwa ufagio nilipelekwa mlangoni, niwakaribishe wageni na kuwatembeza. Wiki ya kwanza niliwahutubia watalii wawili kwa muda mrefu hadi mmoja akaketi chini. Mwenyekiti alinivuta kando.

"Fundi, mgeni hahutubiwi. Mgeni anaonyeshwa, halafu anaachwa aangalie. Wewe unaongea kama unagombea kiti."

Kutoka mlangoni nikapewa daftari la vitu. Hilo ndilo moyo wa makumbusho yoyote, hata ya vyumba viwili. Kila kitu kinachoingia, kiwe kibuyu au kitanda cha ngozi, hupewa namba, na namba huandikwa kwa wino mahali ambapo mgeni haoni. Kwenye daftari unaandika kilitoka kwa nani, kilitumikaje, na kimefika kikiwa na ufa gani. Vyondo na mikeka ina kazi yake ya ziada, kwa sababu wadudu huja nayo. Tulijifunza kuifunga vizuri ndani ya nailoni na kuiweka kwenye friza kwa wiki mbili ili wadudu wafe. Friza tuliyokuwa nayo ni ya bucha ya Kiganjo. Wateja walizoea kuona kiondo cha nyanya ya mtu kimelala kando ya matumbo, wakauliza bei.

Baada ya miaka michache nikafikia cheo nilichokuwa nikikitamani tangu siku ya soksi: Msimamizi wa Jengo. Sasa kuta, paa na mifereji ya maji vilikuwa mikononi mwangu, na kila mtu aliniita Fundi kwa sauti yenye heshima kidogo zaidi.

Hapa ni lazima niwaambie nilikotoka, la sivyo hamtaelewa nilichofanya. Nilianza kazi Doldol, nikiwa kijana, tukijenga madarasa mahali ambapo upepo ulikuwa ukibeba kofia na mchanga pamoja. Inspekta wetu wa majengo alikuwa mtu mfupi mwenye hasira. Kila asubuhi alipiga mwiko kwenye ndoo na kutuambia, "Vijana, udongo ni umaskini. Simiti ndiyo maendeleo." Nikahamishiwa Kagio, chini ya Mhandisi wa wilaya ambaye hakuongea sana, lakini alipitisha kiganja chake kwenye kila ukuta nilioupiga plasta. Siku moja aliniambia, "Huu wako nimeutafuta kosa nikakosa." Maneno hayo yalinilisha kwa miaka mingi. Mtu wa rika langu, aliyelala utotoni chini ya ukuta unaodondoka kila mvua, hakuuona mfuko wa simiti kama mfuko tu. Aliuona kama kutoka shimoni.

Ndiyo maana nilimsikiliza Mhifadhi kwa sikio moja. Huyu alikuwa afisa kutoka Nairobi, mwanamke kijana aliyesomea utunzaji wa majengo ya kale, aliyekuja kutukagua mara moja. Tulikuwa sisi wawili tu nyuma ya nyumba. Aliweka kiganja changu kwenye ukuta wa nje.

"Mzee, unasikia baridi? Huu udongo unavuta maji kutoka chini, na unayatoa kwa hewa kila siku. Ndivyo unavyoishi. Ukiufunga na simiti, maji yatatokea wapi?"

Nikamwambia yatatokea ndani.

"Na ndani kuna nini?"

Nikamwambia ndani kuna vidole vya Cucu Wangechi.

"Basi usiweke simiti, hata kidogo," akasema. "Udongo, samadi, majani makavu, na uvumilivu. Mvua ikila, unakandika tena."

Nilimjibu kwamba nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli. Katika mambo yote ninayowaandikia hapa, hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine. Baadaye Mhifadhi alihamishiwa pwani, na hatukumwona tena.

Wairimu wakati huo wote alikuwa akija siku mbili kwa wiki, kwa miguu, kutoka upande wa pili wa kilima. Sakafu ya udongo haifagiliwi ikiwa kavu, vumbi litakula kila kitu. Alikuwa na mkebe aliotoboa matundu chini kwa msumari, akanyunyiza matone machache, akafagia kwa mkono mwepesi kuanzia ukutani kuja mlangoni. Nilidhani anapenda usafi tu. Siku moja nilimkuta amechuchumaa kando ya mhimili wa mlango wa ndani, chini kabisa, mahali ambapo miguu ya wageni huziba. Alikuwa ameingiza ncha ya kidole kwenye kitobo kimoja, kisha kingine, kisha kingine.

"Hii ni mimi," akasema bila kugeuka. "Hizi tatu. Mama yangu alikufa hapa ndani, siku hiyo hiyo. Cucu aliniambia alibonyeza hizi mama akiwa bado anaangalia. Alicheka kidogo, halafu akalala. Sina picha yake, Fundi. Niko na hizi."

Nilisema pole. Niliona aibu kidogo kwa kumkatiza, nikatoka nje. Natamani aibu ile ndogo ingekuwa mwalimu wangu.

Basi ikaja habari kwamba mkubwa mmoja wa kaunti angetutembelea pamoja na wapiga picha. Ilikuwa gathano, miezi ile ya baridi ambapo ukungu wa mlimani huteremka na kukataa kuondoka. Mvua iliyotangulia ilikuwa imeula ukuta wa nyuma kwa nje, fito zikawa zinaonekana kama mbavu. Mwenyekiti aliniita.

"Fundi, mgeni anakuja Ijumaa ijayo. Huo ukuta unatuaibisha. Utafanya nini?"

Jibu la kweli lilikuwa rahisi. Udongo haukauki wakati wa gathano. Tungemwonyesha mgeni ukuta ulivyo na kumweleza kwamba hivi ndivyo nyumba ya udongo inavyozeeka na kuhudumiwa. Lakini nilimwona Mwenyekiti akinitazama kama mtu anayejua kwamba ana fundi wa serikali mkononi, na nikamsikia yule Mhandisi wa Kagio akipitisha kiganja. Nikasema, "Niachie."

Nilikoroga simiti siku iliyofuata. Nilipiga plasta ukuta wote wa nyuma, kuanzia chini hadi kwenye kingo za paa, nikasawazisha kwa ubao na kumalizia kwa sponji. Wairimu alikuja akasimama na mkebe wake mkononi.

"Fundi, hiyo kitu si itakauka nje na maji ibaki ndani?"

Nilicheka. Nakumbuka kwamba nilicheka, na mafundi wawili walionisaidia wakacheka pia. Nikamwambia, "Wairimu, wewe jua ufagio, mimi nijue ukuta."

Akaenda zake. Ijumaa mgeni alikuja, akaupiga ukuta wangu kofi la kirafiki, akasema hii ndiyo kazi. Nilipigwa picha nikiwa kando yake, na ile picha bado iko sebuleni kwangu, imegeuzwa upande wa ukutani.

Mwaka uliofuata mvua ndefu zilikuja kwa hasira. Zilinyesha wiki baada ya wiki, mito ikafura, na barabara ya kushuka kwetu ikawa ya kuteleza hata kwa punda. Ukuta wangu wa nje ulikaa imara, laini, bila ufa. Nilipita nikiutazama na kujisifu. Asubuhi moja nilifungua mlango wa chumba cha ndani nikapokewa na harufu ya shamba lililolimwa. Upande wa ndani wa ukuta ule ulikuwa umejimenya kutoka kwenye fito na kulala chini, wote, kuanzia dirishani hadi mlangoni. Ulikuwa tope lenye mapande. Kwenye mapande mengine ulionekana kitobo kimoja au viwili vya kidole, na mengine hayakuwa na kitu.

Nilipenyeza mkono kati ya fito nikaigusa simiti yangu kwa nyuma. Ilikuwa inatiririka maji. Nilijua pale pale. Hakuna mtu ambaye angehitaji kunieleza, na sikuhitaji hata dakika moja ya kufikiri. Nilipangusa mkono kwenye suruali.

Wairimu alifika baada yangu. Hakupiga kelele. Alienda moja kwa moja hadi kwenye mhimili wa mlango, akapiga magoti kwenye tope na kuanza kuokota mapande, akiyatazama moja moja na kuyaweka kwenye karai. Aliokota hadi kamati ilipofika, na alikuwa hajapata lake.

Tulikutana uani chini ya turubai. Kila mtu alikuwa na uchungu. Kulikuwa na wazee pale waliokuwa kwenye ukuta ule, na uchungu hutafuta mahali pa kukaa. Mmoja akasema sakafu imekuwa ikimwagiwa maji kila wiki. Mwingine akasema kweli, yeye mwenyewe ameona mkebe. Wote wakageuka kumtazama Wairimu, aliyekuwa bado ameshika karai. Mwenyekiti akanigeukia mimi.

"Fundi, wewe ndiye unajua majengo. Maji inaweza kufanya hivi?"

Nikajibu, "Mwenyekiti, maji ndiyo adui mkubwa wa udongo."

Kila neno la jibu hilo lilikuwa kweli. Ningeweza kuapa nalo kanisani, na lilikuwa uongo mbaya kuliko wowote nilioutamka maishani mwangu. Niliogopa. Nilikuwa nimestaafu, mshahara ulikwisha, watoto walikwenda zao, na kilichobaki changu ni lile jina la Fundi. Niliona nikilipoteza nitabaki mzee mwenye soksi. Basi nikampa mtu mwingine aibu yangu aibebe, tena mtu ambaye siku hiyo alikuwa amempoteza mama yake mara ya pili.

Mwenyekiti alimwonya mbele ya wote. Wairimu alinitazama, si kwa muda mrefu. Kisha akaweka karai chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akatembea hadi barabarani. Hakurudi tena.

Nilibandua ile simiti mwenyewe. Nilitafuta udongo wa mtoni, samadi na majani makavu, nikaukandika ukuta upya jinsi Mhifadhi alivyonielekeza, na niliufanya vizuri. Watu walinisifu kwa bidii yangu. Nilipokea sifa hizo kwa miaka minne, nikiwatembeza wageni mbele ya ukuta usio na kitu na kuwaambia kwamba hapa palikuwa na alama, zikaharibiwa na maji. Msifikiri nilikuwa nikiteseka kila siku. Siku nyingi nilikula nikashiba na nikalala vizuri. Mtu huzoea, na hilo nalo linanitia haya.

Magoti yalipoanza kunikatalia nikaomba kupumzika. Kamati ikaamua kunifanyia sherehe, na Katibu akaandika historia fupi ya nyumba ili ichapwe kwenye bango na kutundikwa mlangoni. Alinipa nihakiki. Nilisoma kuhusu Cucu Wangechi, kuhusu vigelegele, halafu nikafika kwenye mstari huu: ukuta wa asili uliporomoka kutokana na uzembe wa mhudumu aliyekuwa akimwaga maji. Katika kilima chetu kila mtu alijua mhudumu ni nani. Bango hilo lingekaa pale mlangoni hata baada ya mimi kuzikwa. Watoto wa shule wangelisoma kwa sauti.

Kesho yake nilienda Kagio. Nilikuwa nimesikia kwamba Wairimu alihamia kwa binti yake na anauza nyanya sokoni. Nilimpata kwa kuuliza. Alikuwa amezeeka kidogo, akipanga nyanya nne nne kwenye gunia lililotandazwa. Nilisimama mbele yake kama mteja nikamweleza yote: Mhifadhi, simiti, mkono wangu kwenye maji, jibu langu kwa Mwenyekiti. Hakuacha kupanga.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Fundi, mimi nimekandika nyumba tangu nikiwa kasichana. Maji ya mkebe haiwezi angusha ukuta. Hiyo asubuhi niliingiza mkono kwa fito, nikashika simiti yako. Ilikuwa inalia."

"Sasa mbona hukusema?"

Hapo akaniangalia. "Ningesema, nani angenisikia? Wewe ulikuwa fundi wa serikali. Mimi nilikuwa mtu wa ufagio, si ndivyo uliniambia? Nilikuwa nimesimama pale nangoja mdomo yako. Nilijua wewe unajua. Nikasema, wacha nione huyu mzee ni mtu gani."

Mteja alikuja, akanunua mafungu mawili, akaenda.

"Umekuja kuniambia kitu najua," Wairimu akasema. "Enda ukaambie wenye hawajui. Siku yako ya kupewa mkono wa kwaheri ni lini?"

Nikamwambia.

Siku ya sherehe walinivika blanketi mabegani, jinsi tunavyowaheshimu wazee, na mlima ulikuwa wazi asubuhi hiyo. Nilimwona Wairimu akiingia na kuketi nyuma kabisa, kiondo mapajani. Nilipopewa nafasi ya kuzungumza nilikuwa nimejiandaa. Lakini ulimi ni mwerevu kuliko mwenyewe. Nilijisikia nikisema kwamba mambo mengine yalikwenda mrama wakati wangu, kwamba hata ule ukuta, mimi kama Msimamizi wa Jengo nabeba lawama.

Makofi yakapigwa. Mwenyekiti alisimama, machozi yakimlengalenga.

"Mnaona? Huyu ndiye mtu muungwana. Hata makosa ya wengine anayabeba yeye!"

Makofi yakazidi. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa nukta moja niliyafurahia.

"Chairman," sauti ikatoka nyuma. Wairimu alikuwa amesimama. "Hizo makofi ni za nini?"

"Mama, tafadhali keti. Leo ni siku ya mzee. Mambo ya zamani tuyaache."

Watu walianza kunong'ona. Wairimu hakuketi. Alinitazama tu, vilevile kama siku ya turubai, na nilielewa kwamba ninapewa nafasi ambayo watu wengi hawapewi mara mbili. Niliondoa blanketi nikaliweka kitini.

"Mwenyekiti, sikubeba makosa ya mtu," nikasema. "Ukuta uliangushwa na simiti yangu. Mhifadhi alinikataza, tulikuwa sisi wawili, na nikaiweka. Asubuhi ile nilishika maji kwa mkono wangu nikajua. Ukaniuliza, nikakujibu kwa ujanja. Huyu mama hakufanya lolote."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti aliketi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akawa kama mwanafunzi.

"Nataka kitabu ya minutes," Wairimu akasema. "Isomwe pale niko."

Katibu alikwenda ndani akaleta kitabu cha kumbukumbu za mikutano, akageuza kurasa, akasoma kwamba Bi Wairimu ameonywa kwa uzembe uliosababisha kuanguka kwa ukuta wa kihistoria.

"Sasa andika ingine," Wairimu akamwambia. "Na yeye ndiye atasema, si mimi."

Nilianza kutamka, Katibu akiandika. Ukuta wa mkunga ulianguka, kwa bahati mbaya, baada ya Fundi Gichuki kuupiga plasta ya simiti.

"Toa hiyo bahati mbaya," Wairimu akasema.

Katibu akaifuta. Nikaendelea: baada ya kukatazwa na Mhifadhi.

"Na alijua?"

Nikatamka: na alijua siku hiyo hiyo.

"Na akafanya nini?"

Niliwatazama wale watu wote, wengine niliwafundisha kushika mwiko, wengine wajukuu zao walikuwa wakiniita guka, yaani babu. Nikasema: akanyamaza, na Wairimu akaitwa mzembe mbele ya watu. Katibu aliandika hadi nukta. Nikatia sahihi. Wairimu alikiomba kitabu, akasoma mstari wote kwa kidole, polepole, kisha akarudisha. Mwenyekiti alimkaribisha chakula. Alisema ana nyanya zinazongoja. Hakuingia ndani ya nyumba.

Sasa nimepumzika kweli. Vijana wanaojitolea pale huja kuniuliza habari za kazi, na mimi huwaambia kile ambacho kingenisaidia: udongo hukandikwa kwa udongo, kila ukarabati uandikwe kwenye daftari pamoja na jina la aliyeufanya, na ukiona kosa lako liseme asubuhi ile ile, maana jioni litakuwa limeshapata mtu mwingine wa kukaa kwake. Bango lilichapwa upya, na kwenye mstari ule kuna jina langu. Wanangu hawakupenda. Nami sikulipenda, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Watu huniuliza kama Wairimu amenisamehe. Sijui. Sijamwomba. Kusamehe nako ni kazi, na mama yule nilikwisha kumfanyisha kazi ya bure ya kutosha.